Kikapu cha Mababi, Mashine ya Damu

Kuna kifaa kimoja cha jikoni ambacho Wakenya tumekubaliana kukicheka. Ni bakuli la plastiki, ndani lina kikapu chenye matundu, juu lina kifuniko chenye mkono wa kuzungusha au kitufe cha kubonyeza. Unaosha majani ya letasi, unayatia ndani, unafunga, unazungusha. Muda si mrefu majani yamekauka na maji yote yako chini ya bakuli. Kwa boksi wameandika "salad spinner". Mimi nitakiita kikapu cha kuzungusha, kwa sababu ndivyo kilivyo.

Najua utasema nini. Si ukung'ute tu? Mathe anashika fungu la sukuma, anasimama mlangoni, anakung'uta mara tatu, maji yanarukia kuku na mtoto wa jirani, kisha kisu kinaanza kazi. Nani ana nafasi ya bakuli la kukausha majani kwa keja ya chumba kimoja? Hii ni kitu ya mababi. Watu wenye letasi kwa friji na mashine ya kila kitu, hadi ya kumenya kitunguu saumu.

Sawa. Cheka. Halafu nipe dakika 10, nikuonyeshe mahali hiki kifaa kimetoka na mahali kimefika. Kwa sababu stori yake inaanzia kwa nguo, sukari na maziwa, inapita kwa letasi ya Wafaransa, na inaishia kwa damu ya mgonjwa kwenye kliniki isiyo na stima, hapa hapa Afrika Mashariki. Na ukiisoma hadi mwisho, utaona kwamba swali la "hii ni ya nani?" ndilo linatuchelewesha.

Kwanza, raundabauti

Hebu tuelewe kinavyofanya kazi. Umekaa kwa mat, siti ya nyuma, na dereva anaingia raundabauti kama mtu anayekimbia deni. Mwili wako unalalia upande wa nje, unambana jirani yako hadi anajam. Hakuna mtu amekusukuma. Mwili wako ulikuwa unataka kuendelea mbele moja kwa moja. Gari ndiyo imepinda, na ukuta wa gari pamoja na huyo jirani ndio wanakulazimisha upinde nayo.

Sasa fikiria wewe ni tone la maji na ukuta wa gari umejaa matundu. Hakuna wa kukuzuia. Unatoka.

Hiyo ndiyo siri yote ya kikapu. Majani ni makubwa, yanazuiwa na ukuta. Maji yanapita kwa matundu. Mholanzi Christiaan Huygens aliipigia jambo hili hesabu mwaka 1659 na akalipa jina la Kilatini lenye maana ya kukimbia kitovu. Hesabu yake ina utamu mmoja: ukizungusha mara mbili zaidi kwa kasi, nguvu ya kutupa nje haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Ukizungusha mara tatu zaidi, inakuwa mara tisa. Ndiyo maana kukung'uta kwa mkono kuna kikomo na kuzungusha hakuchoki haraka. Shika hiyo hesabu, itatufaa tukifika kwa damu.

Wafaransa na kikapu chao cha waya

Kikapu hiki ni cha watu wanaokula majani mabichi, na wala si mabichi tu, ni mabichi yenye mafuta. Ufaransa, saladi ya kawaida ya nyumbani ni letasi iliyochanganywa na mafuta, siki na chumvi. Sasa mafuta na maji hayapatani. Jani likiwa na maji, mafuta yanateleza na kukusanyika chini ya bakuli, siki inakuwa maji matupu, na unakula majani yasiyo na ladha yoyote. Kwa hivyo kukausha letasi kwao halikuwa jambo la madoido. Usipokausha, chakula kimeharibika.

Kitambo, kabla ya plastiki, walitumia kikapu cha waya chenye mishikio. Unatia majani yaliyooshwa, unatoka nje au unasimama dirishani, unazungusha mkono mzima kama mtu anayerusha kombeo. Maji yanaruka kila upande. Wasiokuwa na kikapu walifunga majani kwa kitambaa safi na kuzungusha hicho kitambaa. Mara nyingi hii ilikuwa kazi ya watoto, na ukishawahi kuwa mtoto unajua kwa nini waliipenda.

Hicho kikapu kwa Kifaransa kinaitwa panier à salade. Na hapa kuna kitu kitakubamba: kwa lugha yao ya mtaani, panier à salade pia ni gari la polisi la kubebea washikwa. Maelezo yanayosimuliwa sana ni kwamba magari hayo zamani yalirukaruka barabarani hadi waliokuwa ndani wakatikiswa kama letasi kwenye kikapu. Sisi gari hilo tunaliita mariamu. Wao wanaliita kikapu cha saladi. Ukiambiwa watu wa Paris na watu wa Eastlands hawana stori za kupiga pamoja, kataa.

Viwanda viliona kwanza

Lakini mkono wa binadamu una mwisho wake. Mashine ya kuzungusha haikuanzia jikoni, ilianzia kiwandani, ambako kulikuwa na maji mengi na doh nyingi.

Katika karne ya 19, viwanda vya nguo Ulaya vilikuwa na tatizo kubwa: kitambaa kikishatiwa rangi na kuoshwa, kinakaukaje haraka? Kukikamua kwa nguvu kunakiharibu. Wakatengeneza ngoma kubwa za chuma zenye matundu, wakazizungusha kwa injini. Maji yakatoka, kitambaa kikabaki salama. Mashine ya kufulia ikifika mwisho wa kazi na kuanza kutetemeka hadi inahama mahali, inafanya jambo hilo hilo.

Wenye viwanda vya sukari wakaona hiyo. Juisi ya miwa ikishachemshwa unapata fuwele za sukari zimezama kwa molasi, uji mzito mweusi unaonata. Zamani uliachwa uchuruzike wenyewe, na ilichukua siku nyingi. Ukitia mchanganyiko huo kwa ngoma inayozunguka, molasi inatoka kwa matundu na fuwele zinabaki. Kazi ya siku nyingi ikawa ya dakika. Hata leo, sukari unayotia kwa chai asubuhi, iwe ya Chemelil au ya Muhoroni, imepitia ngoma kama hiyo. Kwa hivyo ukisema hujawahi kutumia kikapu cha kuzungusha, umekitumia leo asubuhi, na pengine vijiko vitatu.

Kisha maziwa. Maziwa mabichi yakikaa, malai yanaelea juu kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji. Lakini kusubiri kunachukua saa nyingi na maziwa yanaweza kuharibika. Mwaka 1878 Gustaf de Laval wa Uswidi alitengeneza mashine ya kuzungusha maziwa bila kusimama: maziwa yanaingia, malai yanatoka kwa bomba moja, maziwa yaliyoondolewa mafuta yanatoka kwa lingine. Hapa hakuna matundu ya ukutani. Kilicho kizito kinakaa nje, kilicho chepesi kinabaki karibu na katikati. Mashine hizo ndizo zilizofanya biashara ya siagi iwe kubwa duniani. Kenya tunaijua biashara hiyo: KCC ilianza mwaka 1925, na jina lake la Kiingereza lina neno la viwanda vya malai.

Angalia mpangilio. Nguo, sukari, maziwa. Kila mara, mtu aliangalia kitu cha watu wengine na hakuuliza kama ni cha fani yake. Aliuliza, mimi nina nini kinachohitaji kutenganishwa?

Jikoni, hatimaye

Jean Mantelet alizaliwa mwaka 1900. Stori inayosimuliwa ni kwamba alichoshwa na viazi vya kupondwa vya nyumbani vilivyojaa mabonge, na mwaka 1932 akatoa kinu cha mkono cha kuponda mboga. Mwanzoni watu hawakukinunua, bei ilikuwa juu. Akaishusha, na kikauzwa kama njugu. Mantelet alijifunza hapo somo lake la maisha: tengeneza kitu rahisi, kwa wingi, kwa bei ambayo mtu wa kawaida hatafikiria mara mbili. Kampuni yake ikaja kuitwa Moulinex, kutoka neno la Kifaransa la kinu.

Kufika miaka ya 1960, Moulinex ilikuwa inajitangaza kama kampuni inayomkomboa mwanamke. Hapo mimi huinua nyusi. Kumuuzia mwanamke mashine 10 za jikoni na kumwacha huko huko jikoni peke yake ni ukombozi wa aina yake. Lakini tusiwe wachoyo pia. Mtu aliyekuwa anaponda viazi kila siku kwa mkono alijua tofauti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, hataza za kikapu cha kisasa zikaanza kusajiliwa. Hataza ni haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwamba wazo hili ni langu. Moja ilikuwa ya Mantelet. Nyingine ilikuwa ya Mfaransa aitwaye Gilberte Fouineteau. Wazo lao lilikuwa kuchukua kile kikapu cha dirishani, kukiweka ndani ya bakuli lililofungwa ili maji yasiruke, na kuweka gia ili mkono wako uzunguke polepole na kikapu kizunguke haraka. Ni gia tu na plastiki. Unakumbuka hesabu ya Huygens? Gia ndiyo inakupa ile mara nne, ile mara tisa, bila kuchoka bega.

Miaka ya 1990 Wamarekani wa kampuni ya OXO wakakipa kitufe cha kubonyeza juu, kwa mtindo wa pia, ile ya watoto ya kuzunguka, unayoibonyeza mpini wa kati inazunguka yenyewe. Kampuni hiyo Sam Farber aliianzisha baada ya kuona mkewe Betsey, aliyekuwa na ugonjwa wa viungo, akiteseka kushika kifaa cha kumenyea. Walianza na swali la mikono inayouma. Kikapu cha kubonyeza unaweza kukitumia kwa mkono mmoja, hata kama vidole haviwezi kushika mpini mwembamba. Kwa hivyo kile kitufe unachokicheka ukidhani ni uvivu, fikiria tena nyanya yako mwenye vidole vilivyopinda angekionaje.

Na ili duara likamilike: Marekani leo, katika jimbo la Vermont, kuna wakulima wadogo wa letasi na spinachi ambao hawawezi kumudu mashine kubwa za kiwandani. Wanachukua mashine ya kufulia, wanaifanyia marekebisho, wanaiosha vizuri na wanaitumia sehemu yake ya kuzungusha kukausha mboga. Chuo kikuu cha jimbo hilo kina mwongozo wa kuifanya kazi hiyo bila kuhatarisha afya ya walaji. Teknolojia ilitoka kwa nguo ikaenda kwa saladi, halafu mashine ya nguo yenyewe ikarudi kuwa ya saladi. Hao ni jua kali wa Marekani. Hawana haya.

Kitu ambacho kikapu hakifanyi

Hapa lazima niseme jambo moja kwa sauti, kwa sababu kuna mtu atasoma hadi hapa na kukimbia supamaketi. Kikapu kinakausha. Hakiui vijidudu.

Mwaka 2006 huko Marekani, spinachi changa za pakiti zilizotoka California, zilizooshwa na kukaushwa kiwandani, zilibeba bakteria hatari wa aina ya E. koli. Watu takriban 200 waliugua na angalau 3 wakafa. Hizo zilikuwa mboga zilizopitia mashine za kisasa kabisa. Tatizo lilianzia shambani, na kuzungusha hakuwezi kurekebisha kilichoharibika shambani.

Kwetu hii si habari ya mbali. Unajua kuna sukuma inayopandwa kando ya mto unaopokea maji taka. Unajua kuna mitaa ambako maji ya bomba yanakuja siku mbili kwa wiki na siku zinazobaki unanunua mtungi. Mathe anayekung'uta sukuma mlangoni hana shida ya kukausha. Shida yake ni maji ya kuoshea yametoka wapi. Sukuma inaokolewa na sufuria, kwa sababu moto unaua vijidudu. Hatari iko kwa zile tunazokula mbichi: dhania juu ya maharagwe, kachumbari kando ya nyama choma, kabeji ya smokie pasua. Hizo zioshe kwa maji safi yanayotiririka, osha mikono na kisu pia, halafu ndiyo ufikirie kukausha. Kukausha kuna faida yake: dhania iliyokauka vizuri na kufungwa kwa kitambaa au karatasi inakaa siku nyingi zaidi kuliko ile iliyofungwa kwa mfuko ikiwa bado imelowa. Lakini kuosha kunakuja kwanza.

Kwa hivyo ukiniuliza kama kila nyumba ya Kenya inahitaji kikapu cha kuzungusha, jibu ni hapana. Kifaa hiki kilizaliwa katika nchi ambayo ilikuwa na maji safi kwa bomba na letasi mezani. Kilijibu shida ya huko. Sisi shida yetu iko hatua moja nyuma.

Lakini stori haijaisha, na sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya niandike.

Kutoka letasi hadi damu

Hospitalini kuna mashine inaitwa sentrifuji. Unaweka damu kwa mrija mwembamba, mashine inazungusha kwa kasi kali, na damu inajigawa. Chembe nyekundu, ambazo ni nzito, zinaenda upande wa nje na kujipanga. Maji ya damu ya rangi ya manjano yanabaki upande wa pili. Ni ile ile stori ya maziwa na malai. Ukipima chembe nyekundu zimechukua sehemu gani ya mrija, unajua kama mtu ana upungufu wa damu. Mama mjamzito, mtoto aliyetoka kuugua malaria, hao ndio wanaohitaji kipimo hiki sana. Lakini sentrifuji ni ghali na inataka stima.

Mwaka 2010, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Rice huko Texas, Lauren Theis na Lila Kerr, walipewa kazi ya darasani: tafuta njia ya kupima upungufu wa damu mahali pasipo na stima. Walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, vijana wa rika la wengi mnaosoma hapa. Walichukua kikapu cha kuzungusha saladi, kile cha kubonyeza, wakakitia vipande vya plastiki vya chombo cha maziwa ya mtindi, vitana na gundi ya moto, ili kishike mirija midogo ya damu. Kilifika mizunguko takriban 950 kwa dakika. Mirija 30 kwa mara moja. Gharama yote ilikuwa karibu dola 30. Kifaa hicho kilisafirishwa kujaribiwa Ekuado, Malawi na Swaziland, ambayo sasa ni Eswatini.

Fikiria hiyo kidogo. Kikapu kilichotengenezwa ili mafuta yashike kwenye letasi kikaanza kusoma damu. Na upungufu wa damu, mara nyingi, dawa yake ya kwanza unayoambiwa kliniki ni gani? Kula mboga za majani. Terere, managu, kunde, spinachi, kwa sababu ya madini ya chuma, na uweke nyanya au ndimu ili mwili uyachukue vizuri. Majani yalianza stori na majani yanaimaliza.

Halafu kuja Uganda. Mwaka 2013, Manu Prakash, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa anatembelea kliniki za mashambani huko. Kwenye kliniki moja alikuta sentrifuji nzuri kabisa. Ilikuwa inatumika kuzuia mlango usijifunge. Hakukuwa na stima ya kuiendesha.

Hiyo picha mimi hainitoki. Mtu fulani alinunua ile mashine. Mtu aliisafirisha. Pengine kulikuwa na sherehe ya kuipokea, na hotuba ndefu, na picha ya kupeana mikono. Na hakuna mtu katika huo mlolongo mzima aliyeuliza swali la mtoto wa darasa la nne: hapa kuna soketi?

Prakash alirudi kwa maabara yake na wenzake, akiwemo Saad Bhamla, wakaanza kuchunguza vitu vya kuchezea vinavyozunguka. Walichokichagua ni kile unachokijua. Kama ulikulia Kenya kabla ya mtoto kupewa simu, ulikifanya mwenyewe: unachukua kifuniko cha soda, unakipiga bapa kwa jiwe, unatoboa matundu mawili kwa msumari, unapitisha uzi, unaufunga, unavuta na kulegeza kwa mikono miwili, kinavuma wiiiii. Wengine walitumia kifungo cha shati. Ulichapwa kwa sababu ulitumia uzi wa kushonea wa mathe.

Watafiti hao walikipigia hesabu, wakakitengeneza kwa karatasi ngumu, wakaweka mirija ya damu ndani. Mwaka 2017 wakachapisha matokeo. Kile kichezeo kilifika mizunguko 125,000 kwa dakika. Gharama ilikuwa chini ya senti 20 za dola. Uzito, gramu 2. Kiliweza kutenganisha damu kwa dakika moja na nusu. Hakihitaji stima wala betri.

Swali letu

Sasa nirudi kwa kucheka.

Tulikuwa na kile kichezeo. Watoto wa Kayole walikuwa nacho, wa Kisumu, wa Machakos. Kilikuwa kinavuma mikononi mwetu kwa mizunguko maelfu na walimu walikuwa wanatunyang'anya kwa sababu kinafanya kelele darasani. Na kliniki isiyo na stima ilikuwa barabara hiyo hiyo. Aliyeunganisha hivi viwili alitoka California.

Sisemi alifanya vibaya. Alifanya vizuri sana. Wala sisemi tuna akili kidogo. Jua kali ya Gikomba na Kamukunji itakutengenezea kitu chochote kutoka kwa mtungi wa mafuta. Ninachosema ni kwamba tumefundishwa kupanga vitu kwa makundi ya watu badala ya kuvipanga kwa kazi zake. Hii ni ya mababi. Hii ni ya watoto. Hii ni ya jikoni, kwa hivyo ni ya wanawake. Hii ni ya maabara, kwa hivyo usiiguse. Ukishaweka kitu kwa kundi, umeacha kukiangalia.

Mwenye kiwanda cha sukari angesema ngoma ni ya washona nguo, hadi leo tungekuwa tunangoja molasi ichuruzike. Wale wanafunzi wa Texas wangesema kikapu ni cha saladi, wangeandika insha, wangepata alama nzuri na hakuna kitu kingetoka. Na yule aliyepeleka sentrifuji Uganda aliangalia kundi pekee: hii ni mashine ya hospitali, ile ni hospitali, ipelekwe. Ikawa ya kuzuia mlango.

Kwa hivyo mimi sikuombi ununue kikapu cha kuzungusha. Weka doh yako kwa maji safi na gesi. Lakini ukikiona tena kwa video, au ukikiona Gikomba kwa rundo la mitumba ya vyombo, kishike. Kifungue. Hesabu meno ya gia. Angalia mkono wako ukizunguka mara moja, kikapu kinazunguka mara ngapi. Halafu angalia mtaa wako na ujiulize ni kitu gani hapo kinahitaji kutenganishwa na hakuna mtu amekishughulikia. Mafuta ya maziwa ya mama anayeuza mtindi? Asali na nta ya jamaa anayefuga nyuki ushago? Hiyo ya asali ipo tayari, wafugaji wa nyuki wanazungusha masega yao kwa ngoma tangu karne ya 19. Kuna nyingine ambazo bado.

Mtaani kwenu kuna kitu gani kinachekwa, lakini ukikitazama vizuri kinafanya kazi nzito? Niambie. Na kama bado unajua kutengeneza kile cha kifuniko cha soda, mfundishe mtoto mmoja wikendi hii, na umwambie kinaweza kufanya nini.